Mzani wa Mama Furaha na Maktaba Mbili

Nimestaafu juzijuzi tu, na tayari nyinyi mliobaki ofisini mnanipigia simu kuliko wanangu wa kuzaa. Mmoja anauliza kwa nini Java imekataa kuiona maktaba ya C. Wa pili anauliza hilohilo, ila yeye anaanza kwa kunijulia hali. Nimeona bora niandike, mnisome kwa wakati wenu, nami nipate usingizi wangu wa mchana ambao nimeutafuta miaka mingi.

Habari za vyeo na mishahara mtaniwia radhi. Vyeo vyenyewe vilikuwa viwili, na mshahara mnaujua, kwa sababu ndio huohuo mnaolipwa.

Nilianza kazi nikiwa binti wa mtaa wa Buyenzi mwenye diploma mpya na viatu vinavyobana. Ofisi ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vitenge katikati ya mji. Fundi mkuu alikuwa Bwana Anicet, mtu mwembamba wa Kigobe, mwenye miwani mizito na maneno machache. Aliitazama diploma yangu, akairudisha kwenye bahasha kwa heshima zote, kisha akanipa waya mweusi wenye plagi pande mbili.

"Unajua hii ni nini?"

"Waya, Monsieur."

"Apana. Hii ndio kazi yenyewe. Twende."

Akanipeleka moja kwa moja kwenye depo la Mzee Nassor, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka Omani na ambaye familia yake imeuza chakula mjini hapa tangu kabla ya wazazi wangu kuzaliwa. Lilikuwa depo la ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani, zilizokaushwa. Wanawake wa Ruziba walizileta kwa magunia, na wafanyabiashara wa Uvira na Bukavu, ng'ambo ya mpaka, walikuja kuzichukua. Gunia la ndagala halina uzito wa kudumu kama mfuko wa saruji. Linategemea jua la jana na mikono ya aliyeshindilia. Kwa hiyo kila gunia lilipita kwenye mzani, na mzani uliunganishwa na kompyuta kwa waya kama ule niliokuwa nimeushika.

Siku hiyo Anicet hakuniruhusu kugusa kompyuta. Alinitaka nibebe magunia pamoja na wapagazi, niyapandishe kwenye mzani, nisome namba, niyashushe. Jioni nilinuka samaki hadi mama yangu akanizuia kuingia na nguo zile. "Sasa unaweza kuandika programu ya balance," Anicet aliniambia kesho yake, maana mzani yeye aliuita kwa Kifaransa. Nilimchukia wiki nzima. Baadaye nikawafanyia hayohayo wote niliowafundisha, mkiwemo nyinyi, na najua mlisema nini nyuma yangu.

Programu ile ilikuwa na lugha mbili za kompyuta ndani yake. Sehemu iliyozungumza na mzani aliiandika Anicet kwa C, kwa sababu C haiogopi waya: inapokea kinachotoka kwenye mzani na kukigeuza kuwa kilo. Akaifungia yote ndani ya faili moja, na faili la namna hiyo ndilo tunaloliita maktaba, yaani kazi iliyokwisha kufanywa, inayosubiri kuitwa na programu nyingine. Sehemu ya pili, madirisha na risiti na ripoti, niliiandika mimi kwa Java, maana wateja walitaka kubofya na kuona Kifaransa kizuri. Java ikihitaji uzito inaiita maktaba ya C, C inajibu, na mteja hajui kwamba wawili wamesemezana.

Shida yote iko kwenye kuita. Java ikipewa jina tupu, inachukua orodha ya folda, ile tunayoiita njia ya maktaba, inatazama folda ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, na inashika faili la kwanza lenye jina hilo. Folda isiyokuwepo inairuka bila kusema neno. Isipopata popote, inajaza skrini kwa makosa, na wengi wenu mkiyaona hayo mnashika vichwa. Mimi niliishia kuyapenda. Programu iliyogoma angalau unajua kwamba imegoma.

Kompyuta zetu zilikuwa za mitumba, kutoka Ulaya na Dubai, kila moja na tabia zake. Nakumbuka duka moja la dawa huko Mutakura ambako nilishinda kutwa nikibadilisha njia ya maktaba kama mwendawazimu, kumbe njia ilikuwa sawa tangu asubuhi. Java ilikuwa ya biti sitini na nne, maktaba ya biti thelathini na mbili, na hao wawili hawakai nyumba moja hata uwabembeleze vipi. Mwenye duka alinipa soda akidhani ninaumwa. Tangu siku hiyo, kabla sijaigusa njia, nauliza kwanza kama Java na maktaba ni za ukubwa mmoja. Nanyi ulizeni hivyo kabla ya kunipigia.

Halafu kuna umeme. Nyinyi mna betri na paneli za jua juu ya paa. Sisi tulikuwa na desturi tuliyoiita kutembeza diski. Programu na data zote zilikaa kwenye diski ya nje, imefungwa kwenye kitambaa isipate vumbi. Umeme ukiwepo, diski ilichomekwa kwenye kompyuta kubwa ya depo. Umeme ukikatika, mtu aliichomoa, akaichomeka kwenye laptopu yenye betri, na kazi ikaendelea. Mzani wenyewe ulikuwa na betri yake. Hakuna kitabu cha informatique, cha elimu ya kompyuta, kilichotufundisha hivyo, lakini magunia yalikuwa mlangoni na samaki hawasubiri.

Sasa niwaeleze kisa chenyewe.

Mpimaji wa depo alikuwa Mama Furaha, mwanamke aliyekimbia vita upande wa Uvira akiwa na watoto wake, akapanga chumba Mutakura. Alianza pale kwa kuchambua ndagala. Mzee Nassor akampandisha kwenye mzani kwa sababu mbili: hakuwa na upendeleo, na alikuwa na sauti. Kila uzito aliutangaza kwa nguvu, muuzaji na mnunuzi wote wasikie, na hata dereva aliyelala kwenye lori barabarani alisikia.

Kiangazi kimoja umeme ulizidi kukatika, na Mzee akaitoa kabatini laptopu yake ya zamani ili diski itembezwe huko. Baada ya muda hesabu ya ndagala ikaanza kukataa. Zilizoingia zilikuwa nyingi kuliko zilizotoka na zilizobaki stoo. Ndagala hukauka na kupungua, kila mtu anajua, lakini si kwa kiasi kile. Mzee Nassor aliniita ofisini kwake, amekunja uso.

"Binti yangu Zuhura, nitolee orodha ya magunia yote aliyopima Mama Furaha tangu kiangazi kianze."

"Yote ameyapima yeye, Baba. Ndiye mpimaji."

"Ndiyo hapo sasa. Ndagala hazina miguu. Zimeandikwa zimeingia, stoo hazimo, na ufunguo wa stoo anao yeye. Wallahi naumia kusema hivi. Yule mama nimemwamini."

"Umeshamwambia?"

"Nimemwambia jana mbele ya wapagazi. Nilishikwa na hasira. Ijumaa nikitoka msikitini ataondoka. Polisi simpeleki, ana watoto."

Alidhani hapo amefanya huruma. Nami nilijua, kama alivyojua yeye, kwamba mpimaji aliyefukuzwa depo moja kwa wizi hapati mzani mwingine mji mzima. Wenye madepo wanaswali pamoja na kunywa kahawa pamoja.

Mama Furaha alikuwa amesimama getini. Hakulia. Afadhali angelia, maana uso ule mkavu ulinikata maini.

"Mama Zuhura, kule kwetu njaa ilikuwa mingi, na sikuiba. Sasa huku batoto banakula kila siku, ndio niibe?"

"Mimi sijasema umeiba."

"Lakini mashini yako ndio inasema. Mi natangaza ile inaandika, basi. Uiulize, iseme vizuri."

Nilirudi ofisini moto. Nilimweleza Anicet, naye akavua miwani akaifuta taratibu, kama alivyofanya kila alipochokozwa. "Bibliothèque yangu haidanganyi mutu," alisema, akimaanisha maktaba yake ya C. "Angalia stoo, angalia paa, angalia panya." Nikamwambia panya wa kula magunia kwa magunia angekuwa ameshaonekana barabarani. Hakucheka. Nikachukua mkoba wangu na kwenda kukaa uani kwa Mzee Nassor kama mtu asiye na kazi.

Hilo nawaambia kwa msisitizo: nendeni mkakae. Msisome tu kilichoandikwa na programu, tazameni watu wanavyoishi nayo. Asubuhi ile umeme ulikuwepo, na mzani ulikuwa hauna foleni. Lakini kina mama wa Ruziba walikuwa wameketi kando na magunia yao wakipiga soga, hakuna anayeinuka. Nikamwuliza mmoja anangoja nini.

"Tunangojea ile ndogo," alinijibu, akinyoosha kidole kwenye laptopu iliyozimwa. "Ile kubwa ni nyimivu. Ndogo iko na mukono muzuri."

"Mkono mzuri vipi?"

"Eh, we mama! Ukipima kwa ndogo, unarudi nyumbani na nyama."

Wote wakaangua kicheko. Kwao ilikuwa jambo la kawaida kabisa, kama kujua siku ya soko. Walidhani na Mzee analijua. Mimi nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Mzani ulikuwa mmoja, programu moja, diski moja. Kilichobadilika ni kompyuta tu.

Umeme ulipokatika, kina mama waliinuka kwa pamoja kama wameitwa jina. Diski ikachomolewa, ikachomekwa kwenye laptopu. Nikawaomba wanisubiri kidogo, nikalisukuma toroli tupu juu ya mzani. Hapa mnielewe. Zamani wapagazi walipandisha magunia kwa mikono, kama mimi siku yangu ya kwanza. Baadaye Mzee alinunua matoroli, yote sawasawa, na Anicet akaibadilisha maktaba ya C ili itoe uzito wa toroli na kubakiza wa ndagala. Toroli tupu lilitakiwa kusoma sifuri. Laptopu ikaandika kilo kumi na nane.

Basi kila toroli lililopita wakati umeme umekatika lilinunuliwa kama ndagala. Na umeme uliporudi, magunia yaleyale yakitoka kwenda kwa mnunuzi yalipimwa kwenye kompyuta kubwa, ambayo haikulihesabu toroli. Tofauti hiyo ndiyo Mzee aliyoiita wizi. Mama Furaha alikuwa ametangaza kwa sauti kubwa, mbele ya wote, ndagala ambazo hazikuwahi kuwepo duniani.

Kutafuta sababu hakukuchukua muda. Kompyuta huipa kila diski herufi yake, na kwenye kompyuta kubwa diski yetu ilikuwa D. Kwenye laptopu, D ilikuwa mahali pa CD, kwa hiyo diski ilipewa E. Faili la kuanzishia programu, lililotoka ofisini kwetu, liliiambia Java itafute maktaba kwenye D. Java ikaenda D, haikuona folda, ikairuka kimya kimya, ikaendelea na orodha hadi folda ya mfumo wa kompyuta yenyewe. Na humo ilikuwemo maktaba yenye jina lilelile, ya toleo la zamani, kabla ya matoroli. Laptopu ile ndiyo iliyofanya kazi pale depo mwanzoni kabisa, na nakala ilikuwa imesahauliwa humo. Jina sawa, kazi zilezile, kwa hiyo hakuna aliyegoma. Yote yalienda vizuri, isipokuwa ukweli.

Mzee Nassor alinisikiliza huku akizungusha tasbihi, na nikaona Java na C zinampita juu ya kichwa. Nikamwambia, "Baba, ukimtuma mtu Buyenzi akuitie Hamisi, usimwambie avenue ya ngapi, atamleta nani?"

"Hamisi wa kwanza atakayekutana naye."

"Programu yetu imekuletea Hamisi mwingine. Kila umeme ulipokatika."

Tasbihi ikasimama mkononi mwake. "Astaghfirullah," alisema polepole. "Na mimi nimemvunjia heshima yule mama mbele ya watu."

Nilikuwa na ugumu mmoja uliobaki, na ulikuwa ofisini, umevaa miwani. Nakala ile kwenye folda ya mfumo aliiweka Anicet. Enzi hizo kila mtu wa C alifanya hivyo; uliiweka maktaba pale ambapo kompyuta hutazama siku zote, ukaenda zako ukiwa na amani. Nilijitayarisha kwa maneno laini njia nzima, na nilipofika nikayasahau yote, nikamwambia kama lilivyo. Akavua miwani, akaiweka mezani.

"Iyo ni yangu," alisema. "Ijumaa tunaenda wote. Nitamwambia mimi mwenyewe, si we."

Nilimpenda sana mtu yule kwa sentensi hiyo. Nimefanya kazi na wenye akili wengi tangu hapo, na wachache wangeitamka.

Ijumaa Mzee alitoka msikitini akiwa bado na kanzu, akasimamisha upakiaji, akawaita wapagazi, madereva na kina mama wa Ruziba. Mama Furaha alikuja na mfuko wake wa nguo za kazi mkononi, tayari kwa safari. "Nilisema mbele ya watu, na najirudi mbele ya watu," Mzee alisema. "Mama Furaha hakuiba hata samaki mmoja. Nilimkosea. Nisamehe, mama." Anicet naye akasogea, akaeleza kwamba ni faili lake la zamani lililoupotosha mzani, akaomba radhi kwa Kiswahili na tena kwa Kirundi. Wapagazi wakapiga makofi. Kina mama wa Ruziba walipiga pia, ila kwa uchovu, maana walikuwa wameshaelewa kwamba nyama yao imekwisha.

Sote tukamtazama Mama Furaha aende kwenye mzani. Hakwenda.

"Mzee, nimesikia, na roho yangu imetulia. Asante. Lakini mi sirudi kwa iyi balance mupaka mashini iniambie kwanza inatoa akili yake wapi. Kesho courant inakatika tena, jina yangu inachafuka tena. Mama Zuhura atakaa hapa uani kila siku kunitetea?"

Tukaketi kwenye meza ya mzani, Anicet na mimi, tukafanya kazi mbele yao wote. Tuliondoa herufi ya diski kwenye njia. Programu ikatakiwa kujitazama iko folda gani, na kuichukua maktaba ya C hapohapo ubavuni mwake, kwa njia kamili na si kwa jina tupu. Nikaiandikia Java iiulize maktaba toleo lake kabla ya kazi yoyote, na jibu likiwa baya ifunge mlango kwa kelele. Anicet aliifuta nakala ya zamani kwa mkono wake, na ile mpya akaipa jina lenye namba ya toleo. Mwisho tukaweka mstari mmoja juu ya skrini unaosema maktaba imechukuliwa wapi. Mstari huohuo mnauona hadi leo kwenye programu zetu zote, na mnaniuliza kama mnaweza kuuondoa kwa kuwa unaharibu sura. Siku hizi vifurushi vyenu vya programu vinajibeba na maktaba zao zote, najua. Acheni mstari mahali pake.

"Tuandike kwa Kifaransa?" Anicet alimwuliza Mama Furaha.

"Kwa Swahili. Mi ndio nasoma."

Tulipoichomeka diski kwenye laptopu na kuiwasha, akaweka mfuko wake chini na kusogea. Aliweka kidole kwenye kioo, akausoma mstari neno kwa neno, kwa sauti ileile ya kutangazia uzito: "Maktaba ya matoroli, kutoka diski E, folda ya mizani." Akalisukuma toroli tupu juu ya mzani, akatazama namba.

"Sifuri!" alipaza sauti, hadi lori la barabarani. "Mumesikia? Sifuri! Leta gunia ya kwanza."

Kina mama wa Ruziba wakatazamana, wakaguna, wakajitwika magunia yao, wakapanga foleni.